Paa na Mvua

Mwanzoni mwa karne ya 20, mabingwa wa ujenzi wa Ulaya walishika kanuni njema: umbo la nyumba lifuate kazi yake, na mapambo ya bure yaachwe. Lakini Villa Savoye, nyumba ya Le Corbusier karibu na Paris iliyokamilika mwaka 1931, ilivuja kwa paa lake bapa. Umbo lilikuwa limeitawala kazi.

Sasa tutazame Kitui na Makueni, nchi za mvua haba. Huko paa la mabati lililoinama hukinga maji, na mifereji huyapeleka tangini. Paa hilo halina sifa duniani, ila limeitii kanuni ile zaidi. Basi, mwanafunzi, ulipimapo jengo lolote, uliza kwanza: siku ya mvua lafanya nini?