Kiti cha Mbele Kikiwa Kitupu: Uhakiki wa Sura za Shule ya Urubani katika Going Solo

Utangulizi

Katika semina zetu za fasihi na tafsiri kuna swali ambalo halikosi kuzuka kila mwaka. Je, vitabu vya wageni waliopita Afrika Mashariki wakatuandika kwa Kiingereza vina nafasi gani katika darasa la Kiswahili? Wapo wenzetu wanaoshikilia kwamba viachwe huko huko vilikotoka, kwa kuwa vimejaa kasumba ya kikoloni. Wapo pia wanaovifundisha kana kwamba havina kasoro yoyote. Makala haya hayakubaliani na upande wowote kati ya hizo mbili. Yanachukua mfano mdogo, yaani kurasa ambazo Roald Dahl, katika tawasifu yake Going Solo (1986), anasimulia jinsi alivyojifunza kurusha ndege za kijeshi mjini Nairobi na kisha Habbaniya, nchini Iraki.

Kurasa hizo tulizisoma, na nyingine tukazifasiri kwa ajili ya mazoezi, pamoja na makundi mawili. La kwanza ni la wanafunzi wa hapa Mbarara. La pili ni la vijana wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro. Makazi hayo ni miongoni mwa makongwe kabisa barani Afrika, kwani yalifunguliwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960. Huko Mkongo, Mrundi, Mnyarwanda na Msomali hukutana sokoni, na mara nyingi lugha inayowakutanisha ni Kiswahili. Makundi haya hayakukisoma kitabu kwa namna moja, na tofauti hiyo ndiyo iliyonisukuma kuandika.

Mandhari na muhtasari

Dahl alizaliwa Wales mwaka 1916, kwa wazazi waliotoka Norwei. Mwaka 1938 kampuni ya mafuta ya Shell ilimleta Dar es Salaam. Vita vilipoanza mwaka 1939 alipewa kikosi cha askari wa King's African Rifles ili kuwakamata Wajerumani waliokuwa wakijaribu kutoka nchini kwa njia ya barabara. Mwezi Novemba mwaka huo huo aliendesha gari mpaka Nairobi kujiunga na jeshi la anga la Uingereza. Alikuwa na umri wa miaka 23 na urefu unaokaribia mita mbili, jambo ambalo si dogo kwa mtu anayetaka kuingia katika ndege aina ya Tiger Moth.

Ndege hiyo ina mabawa mawili, moja juu ya jingine, na viti viwili vilivyo wazi, kimoja nyuma ya kingine. Mwalimu hukaa mbele na mwanafunzi nyuma, nao huzungumza kwa mpira wa kupitishia sauti. Haina kitufe cha kuwashia injini, hivyo mtu husimama chini akaizungusha rafadha kwa mkono. Kichwa cha Dahl kilichomoza juu ya kioo cha kukinga upepo, ikambidi ajifunge kitambaa puani na mdomoni ili aweze kuvuta pumzi. Baada ya saa 7 na dakika 40 za kuruka na mwalimu, aliruhusiwa kuruka peke yake. Kutoka hapo alipelekwa Habbaniya, akakaa miezi sita kwenye joto na vumbi akijifunza ndege kubwa zaidi. Mwezi Agosti 1940 akawa afisa rubani. Tarehe 19 Septemba 1940, chini ya mwezi mmoja baadaye, alianguka na ndege katika jangwa la magharibi mwa Misri, akaumia vibaya kichwani.

Ubora wa masimulizi

Kwanza tukiri panapostahili sifa. Dahl ana kipaji cha kueleza mwili wa mwanafunzi. Hamwelezei shujaa. Anamweleza kijana asiyejua aweke wapi magoti yake. Mwalimu yeyote aliyewahi kumwona mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akisimama mbele ya darasa, asijue mikono aitie wapi, ataitambua hali hiyo. Furaha yake ya kuuona uwanda wa Kenya kutoka juu, na wanyama wakitawanyika chini, haina majivuno. Ni furaha ya mtu aliyepewa kitu asichokitarajia.

Pili, anajua mahali pa kunyamaza. Anatuambia kwamba katika darasa lao walikuwa 16, na kwamba 13 kati yao waliuawa angani katika muda wa miaka miwili iliyofuata. Habari hiyo anaitoa mapema, wakati vijana hao wangali hai, wakisubiri zamu zao za kuruka. Halii na wala hamlaumu mtu. Anaendelea na masimulizi, na kuanzia hapo msomaji hawezi tena kusoma mzaha wao bila kuhesabu. Wanafunzi wa Mbarara walisema hapo ndipo kitabu kilipowashika. Mmoja alirudi nyuma kusoma tena kurasa tatu alizokwisha kuzisoma, kwa kuwa sasa zilikuwa na maana nyingine.

Tatu, bila kukusudia, kitabu kinaikosoa shule yenyewe. Dahl anaeleza kwamba alipopangiwa kikosi chake alipewa ndege aina ya Gladiator ambayo hakuwahi kuirusha, tena bila kufundishwa namna ya kupigana angani. Siku ya ajali alikuwa ameelekezwa mahali ambapo kikosi hakikuwepo, mafuta yakapungua, jua likazama, akalazimika kutua penye mawe. Mtu alifuzu, akavishwa alama ya mabawa kifuani, lakini jambo ambalo kazi ilimtaka alijue hakufundishwa. Sisi walimu wa lugha tusicheke. Mara ngapi tumempa mwanafunzi alama ya juu katika ngeli za nomino, akaenda sokoni akashindwa kuulizia bei ya nyanya?

Upungufu: mtu aliyezungusha rafadha

Hata hivyo, kuna swali ambalo kundi la Mbarara halikuliuliza, lakini kundi la Nakivale lililiuliza siku ya kwanza. Kijana mmoja, mzaliwa wa Kivu, alinyoosha mkono na kusema: "Mwalimu, na Mdisho yeye alibaki wapi?"

Msomaji aliyekisoma kitabu atakumbuka kwamba Mdisho ni mtumishi wa Dahl wa Dar es Salaam, Mnyamwezi mwenye umri usiopishana sana na wa bwana wake. Vita vilipotangazwa, Mdisho aliuchukua upanga wa Dahl na kumuua Mjerumani mwenye shamba la katani, akiamini kwamba ndivyo vita vinavyopiganwa. Baada ya tukio hilo Dahl anakwenda Nairobi kufundishwa kuua kwa mashine, na Mdisho anatoka katika hadithi. Kijana wa Nakivale alikuwa amekiona kile ambacho wahakiki hukitafuta kwa maneno mengi. Vijana wawili wanaingia katika vita kimoja. Mmoja anapewa shule. Mwingine anabaki kuwa kituko cha kusimuliwa baada ya chakula.

Tukiisoma sura ya Nairobi kwa jicho hilo, uwanja wa ndege unakuwa na ukimya wa ajabu. Wanaojifunza ni vijana wa Kizungu waliotoka katika ofisi na mashamba. Lakini kambi ya jeshi haijiendeshi yenyewe. Kuna wanaopika, wanaofua, wanaokata nyasi uwanjani, wanaosukuma ndege. Watu hao hawana sauti katika sura hizo, na karibu hawana sura. Mwandishi aliyejua Kiswahili cha kutosha kuzungumza nao hakutupatia hata mazungumzo yao mafupi.

Je, tunamdai Dahl jambo lisilowezekana katika zama zake? Historia inasaidia hapa. Mwezi Oktoba 1939, kabla tu Dahl hajafika Nairobi, Uingereza iliondoa kwa muda wa vita sharti la kwamba afisa wa jeshi lake awe na asili ya Kizungu. Kutoka Afrika Magharibi walikuja watu kama Peter Thomas wa Nigeria, aliyekuwa rubani, na Johnny Smythe wa Sierra Leone, mwongozaji njia aliyetunguliwa Ujerumani mwaka 1943 na kushikwa mateka. Kwa hiyo Mwafrika ndani ya ndege ya kivita hakuwa ndoto. Sidai kwamba Dahl alipaswa kubuni wanafunzi Waafrika ambao hawakuwepo darasani kwake. Ninachosema ni kwamba aliandika mwaka 1986, miaka zaidi ya ishirini baada ya uhuru wa nchi hizi, na bado hakulitazama lile darasa kwa mbali akajiuliza kwa nini lilikuwa hivyo. Wakati huo Afrika Mashariki ilikwisha kuwa na shule yake ya urubani wa kiraia kule Soroti, iliyoanzishwa mwaka 1971 chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Suala la lugha

Kufasiri kurasa hizi kulitufundisha zaidi ya kuzisoma. Neno rubani lilitupa furaha ya kwanza. Kabla ya ndege, rubani alikuwa mtu wa baharini, yule ajuaye miamba na mikondo na kukiongoza chombo mpaka bandarini. Waswahili hawakuhitaji kukopa neno jipya ndege zilipokuja. Walimpandisha rubani wao kutoka majini mpaka angani. Vijana wa Nakivale waliosoma kwa Kifaransa walikuwa wakisema piloti na avioni. Hatukuwakataza. Tuliyaweka maneno yote ubaoni, tukaulizana lipi linabeba nini.

Istilahi nyingine zilitugombanisha. Kamusi inatupa chumba cha rubani, lakini Tiger Moth haina chumba. Rubani amekaa kwenye tundu, kichwa nje, upepo unampiga usoni. Tukiandika chumba, tumemwingiza Dahl ndani na kuharibu kisa chote cha kile kitambaa puani. Tulikubaliana kuandika kiti cha rubani. Vilevile kuna kuruka na kurusha. Ndege huruka, rubani huirusha, lakini abiria naye husema ameruka. Siku ya kwanza ya kuwa peke yake, je, Dahl aliruka au alirusha? Kundi la Nakivale lilijibu kwamba mpaka siku ile alikuwa akirushwa, na ni siku ile tu aliporusha. Sijaona maelezo bora zaidi ya kauli ya kutendwa na ya kutendesha katika kitabu chochote cha sarufi.

Kwa nini jambo hili lina uzito hapa

Mwenzangu mmoja alinionya nisichague matini ya kijeshi. Hoja yake ni nzito. Hapa Uganda Kiswahili kimebeba kwa muda mrefu sifa ya kuwa lugha ya kambi. Kilikuwa lugha ya jeshi tangu enzi za ukoloni. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa, na wengi walikisikia kutoka kwa mtu aliyeshika bunduki. Mbarara yenyewe ilibomolewa katika vita vya 1979, na wazee wanakumbuka. Pamoja na mabadiliko ya katiba ya mwaka 2005, na uamuzi wa Baraza la Mawaziri wa Julai 2022 wa kukifanya Kiswahili lugha rasmi, bado mzazi anaweza kukuuliza kwa nini mwanawe afundishwe lugha ya askari.

Kwa vijana wa Nakivale uzito ni mwingine tena. Baadhi yao walijua sauti ya ndege ya kivita kabla ya kujua kusoma. Msichana mmoja alisema kwamba mpaka leo akisikia mngurumo hutazama kwanza mahali pa kukimbilia, ndipo atazame juu. Wiki iliyofuata, msichana huyo huyo aliandika insha kwamba angependa kuwa rubani. Nilimuuliza mambo hayo mawili yanakaaje pamoja. Akajibu kwamba anayeirusha anajua inakwenda wapi.

Hapo nilielewa kwamba kukiondoa kitabu hiki darasani kusingemlinda. Angebaki na mngurumo bila maneno. Wala urubani wa kijeshi si hadithi ya kale ya Wazungu. Mwezi Januari 2020 Luteni Kanali Naomi Karungi, rubani wa helikopta katika jeshi la Uganda, alifariki katika ajali ya ndege akiwa katika kazi ya mafunzo. Wanafunzi wa leo wanajua kwamba mwanamke wa hapa anaweza kukaa kwenye kile kiti, na wanajua pia gharama yake. Wanamsoma Dahl wakiwa na maarifa ambayo yeye hakuwa nayo.

Hitimisho

Going Solo ni kitabu kizuri chenye tundu katikati. Kinafaulu kueleza hofu na furaha ya mwanafunzi, kinafaulu kuhesabu wafu bila kelele, na kinashindwa kumwona mtu aliyesimama chini. Ninapendekeza sura za Nairobi zisomwe katika kozi za tafsiri, lakini kwa sharti moja: kila mwanafunzi anayezifasiri aandike pia, kwa Kiswahili, ukurasa mmoja wa siku hiyo hiyo na uwanja huo huo, kwa sauti ya yule aliyeizungusha rafadha. Tumelijaribu zoezi hilo Nakivale. Kazi nyingi zilikuwa za kawaida. Mojawapo ilisimulia asubuhi ile ya kuruka peke yake. Msimulizi anaiona ndege ikipaa na kiti cha mbele kikiwa kitupu, anajifuta mikono mafuta, kisha anaanza kuhesabu dakika mpaka itakaporudi, kwa sababu hakuna mwingine aliyeagizwa kuihesabia.

Wasomaji wenye tafsiri zao za kurasa hizi, au wenye istilahi bora kuliko kiti cha rubani, wanakaribishwa kuzileta idarani ili tuzijadili katika semina ijayo.