Jarida la Nyota na Msomaji wa Mwika

Jarida likibadili sura, wasomaji wake hugawika. Wako wanaofurahia karatasi nyororo, herufi kubwa na picha zilizotandazwa kurasa mbili mbili. Wako pia wanaonung'unika kwamba maneno yamepunguzwa, ramani zimesogezwa nyuma na matangazo ya darubini yamechukua nafasi ya makala. Ndivyo ilivyo kwa majarida ya fasihi, na ndivyo ilivyo kwa majarida ya wapenzi wa nyota, yaani wale ambao elimu ya falaki si ajira yao, ila usiku hawalali kabla ya kutoka nje na kuinua macho. Maoni yao huchapishwa katika ukurasa wa barua, na wengi wetu huupita ukurasa huo tukidhani ni porojo. Mimi nadai kuwa hapo ndipo jarida hupimwa, na kwamba swali kubwa kuhusu sura mpya halihusu rangi hata kidogo. Swali ni hili: jarida hili linalitazama anga likiwa limesimama wapi, na linaziita nyota kwa majina ya nani?

Ili kipimo kiwe cha haki, tumweke mbele yetu msomaji mmoja. Anakaa Mwika, kwenye mteremko wa kusini-mashariki wa Kilimanjaro, baina ya migomba na mibuni. Kiswahili anakisoma vizuri, Kiingereza kiasi, na chombo chake ni macho yake mawili. Pengine mtu atauliza kwa nini Mwika, na si Makunduchi au Lamu. Sababu ni kwamba sisi wa pwani tumezoea kuitaja elimu ya nyota kuwa urithi wa mabaharia wetu, kisha tukaishia hapo. Lugha iliyobeba urithi huo leo inafundishwa mlimani kuliko inavyofundishwa gatini. Neno tulilolilegeza sisi huku, mtoto wa huko ndiye analolipokea likiwa limelegea.

Majarida ya aina hii yana umri mrefu. Camille Flammarion alianzisha L'Astronomie mjini Paris mwaka 1882. Nchini Marekani, Sky & Telescope lilizaliwa Novemba 1941 kwa kuunganisha majarida mawili yaliyolitangulia, na Agosti 1973 kijana aitwaye Stephen Walther alitoa toleo la kwanza la Astronomy katika mji wa Milwaukee, akiweka mkazo kwenye rangi na michoro. Tangu hapo rangi haikurudi nyuma. Darubini ya Hubble iliporushwa angani mwaka 1990, na hususan baada ya picha ya mwaka 1995 iliyopewa jina la Nguzo za Uumbaji, kila jarida lililotaka sura mpya lilijua pa kuitafuta.

Lakini rangi za picha ile zina masharti yake. Kamera ilichukua mwanga kupitia vichujio, kisha wataalamu wakaugawia rangi: nyekundu kwa salfa, kijani kwa haidrojeni, buluu kwa oksijeni. Kazi hiyo ni halali kielimu, kwani inaonyesha kipi kiko wapi. Hata hivyo, msomaji asiyeambiwa hudhani kuwa ndivyo jicho lingeona. Akipata darubini ndogo na kuielekeza huko, atakuta ukungu wa kijivu usiozidi pumzi juu ya kioo, naye ataamua ama kwamba chombo ni kibovu ama kwamba yeye hajui kutazama. Jarida limempa karamu ya macho na kumnyima imani katika macho yake mwenyewe. Mshairi analijua kosa hili: ni tungo iliyojaa vito vya maneno hata msomaji akarudi kwake akiiona nyumba yake kuwa kibanda.

Kosa la pili ni la ramani, nalo ni zito zaidi. Ramani ya anga iliyo katikati ya Sky & Telescope huchorwa kwa mtu aliye kiasi cha nyuzi 40 kaskazini mwa ikweta. Mwika iko nyuzi tatu na kitu kusini. Kwa mwenye ramani ile, nyota ya kaskazini imesimama imara katikati ya upande wake wa anga, na nyota nyingine zote zinaizunguka kama ng'ombe waliofungwa kwenye mti. Kwa mtu wa Mwika nyota hiyo haichomozi kamwe, iko chini ya upeo, nyuma ya mlima na nyuma ya ardhi yenyewe. Kwa upande mwingine, Msalaba wa Kusini, ambao haumo katika ramani ile, kwake huinuka zaidi ya nyuzi 30. Mwezi Juni, mara giza liingiapo na mawingu ya mlima yakitoa idhini, anaweza kumwona Dubu Mkubwa kaskazini na Msalaba kusini kwa wakati mmoja, bila kuhama aliposimama. Msomaji wa Milwaukee hana neema hiyo. Kadhalika mwezi mwandamo: katika michoro ya ng'ambo umesimama kwa ubavu kama mundu, ilhali kwetu, Mwika na Unguja sawia, hulala chali kama dau lililopwelewa. Mtoto aliyefundishwa kwa michoro hiyo huchora mundu uliosimama, hata kama jana yake aliliona dau.

Hapa ndipo jamaa zetu wa kale wanapostahili kutajwa, si kwa kujisifu. Ahmad bin Majid, nahodha wa karne ya 15, aliandika kwa mashairi njia ya bahari ya kufikia Sofala. Tungo hiyo, inayojulikana kwa jina la Sufaliya, ilihifadhiwa katika mswada ulioko Urusi na ikachapishwa na mtaalamu Shumovsky mwaka 1957. Nahodha yule hakuandika kwa mtu aliyekaa mahali pamoja, bali kwa mtu ambaye anga lake linabadilika kadiri chombo kinavyokwenda. Nyota ya kaskazini aliiita Jaa, na kimo chake juu ya maji ndicho kilichomweleza baharia amefika wapi. Aliyetweka tanga Unguja kuelekea Maskati hakuwa na Jaa hata kidogo mwanzoni. Ilimchomozea njiani, ikapanda kila alipopanda, mpaka ikawa kiasi cha nyuzi 23 alipoingia bandarini. Neno lile limebaki katika Kiswahili kwa maana ya kaskazini, kama vile Suheli, nyota kubwa ya upande wa pili, lilivyobaki kwa maana ya kusini. Mababu waliziweka nyota ndani ya dira ya lugha. Ukimwambia mtu aelekee suheli, umekwisha kumpa ramani ya anga bila kuichora.

Lugha imebeba hata zaidi ya hayo. Husemwa kwamba kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kundi lile dogo la nyota hupotea katika mwanga wa magharibi mwezi Mei na kuonekana tena alfajiri mwezi Juni, na jina lake limetokana na kulima. Mkulima wa Mwika anayengoja masika yatulie ana haki ya methali hiyo sawa na mvuvi wa Nungwi. Mlima nao una hazina yake: katika Kichagga neno Ruwa limebeba Mungu na jua pia. Jarida litakalobadili sura kwa ajili ya msomaji huyu lingeanza na maneno kama haya, kabla ya kufikiria karatasi nyororo.

Sasa tuje kwenye majina ya sayari, kwani hapo ndipo penye kidonda. Kwa Kiarabu cha kale, na kwa Kiswahili kilichokipokea, sayari tano zionekanazo kwa macho ni Utaridi iliyo karibu na jua kuliko zote, Zuhura, Mirihi, Mshtarii, na Zohali iliyo mbali kuliko zote. Uranus iligunduliwa mwaka 1781, Neptune mwaka 1846 na Pluto mwaka 1930. Wahenga hawakuziona, na kwa hiyo hawakuzipa majina. Zilipotakiwa kuingia darasani kwa Kiswahili, baadhi ya vitabu na orodha za shule, hasa nchini Kenya, vilifanya jambo la ajabu. Zohali alivuliwa jina lake, akapewa Uranus. Zohali mwenyewe akaitwa Sarateni, ambalo ni jina la buruji ya Kaa. Neptune akapewa Kausi, jina la buruji ya Upinde. Utaridi, jirani wa jua, akatupwa hadi kwa Pluto, mwisho wa safu. Nafasi aliyoiacha ikajazwa na Zebaki, ambayo ni metali ya majimaji iliyomo katika kipimajoto. Inaelekea mfasiri aliona kwamba kwa Kiingereza metali na sayari hushirikiana jina moja, akadhani na kwetu ndivyo.

Kisha mwaka 2006 wanafalaki walikutana mjini Prague wakaamua kwamba Pluto haihesabiwi tena miongoni mwa sayari kuu. Kwa wasomaji wa Ulaya ilikuwa huzuni ya siku chache. Kwa mtoto aliyefundishwa kwa orodha ile, pigo lilikuwa la aina nyingine: pamoja na Pluto, Utaridi naye alitolewa. Jina lililodumu karne nyingi kwa sayari ambayo bado inazunguka jua kila siku 88 liliondoka darasani kwa sababu ya kosa la mfasiri na kura ya Prague.

Atatokea mtu aseme kuwa jina ni jina tu, kwamba walimu wamekwisha zoea, na kwamba lugha hukua kwa matumizi. Hoja hiyo ina uzito, na historia ya majarida haya inaiunga mkono kwa kiasi fulani. Mwaka 1993 Sky & Telescope liliwaita wasomaji wake wapendekeze jina jipya la kile Waingereza wakiitacho Big Bang, jina ambalo Fred Hoyle alilitamka redioni mwaka 1949. Yalikuja mapendekezo 13,099 kutoka nchi 41. Waamuzi, Carl Sagan akiwamo, waliyapitia yote na hawakumpata mshindi. Jina lililokwisha kukaliwa na watu halihamishwi kwa mashindano.

Hata hivyo, kisa hicho kinathibitisha dai langu. Jina la Big Bang lilibaki kwa kuwa wasomaji na waamuzi waliuona ukaaji wake, wakauheshimu. Zohali na Utaridi nao walikuwa wamekaliwa, tena kwa muda mrefu zaidi, lakini hawakuulizwa wenye nyumba. Wala hatudai jina jipya, twadai mwenye nyumba arudishiwe ufunguo. Wikipedia ya Kiswahili imekwisha kuchukua njia hiyo: humo Utaridi iko karibu na jua na Zohali ndiyo yenye bangili. Msomaji wa Mwika anayesoma humo, kisha akafungua orodha ya zamani, anakuta Zohali wawili, na hana ukurasa wa barua wa kuuliza yupi ni wa kweli.

Na ukurasa huo si mgeni kwetu. Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, lilijengwa kwa barua na mashairi ya wasomaji kadiri lilivyojengwa na wahariri. Mlimani kwenyewe, gazeti la Komkya lilitoka Moshi katika miaka ya 1950. Msomaji wetu wa zamani alipokerwa na neno alijibu, mara nyingi kwa vina na mizani, na mwingine akamjibu, hadi neno likapata makao. Kama orodha ile ya sayari ingepita mikononi mwa wasomaji wa namna hiyo, sidhani kwamba Kaa angeachwa avae pete za Zohali hata kwa juma moja.

Hadhira ipo. Septemba 1, 2016, jua lilipopatwa kipete, watu kwa maelfu walikwenda Rujewa mkoani Mbeya kulishuhudia. Dakta Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambaye kwa miaka mingi ameandika magazetini kuhusu anga la Tanzania, ameonyesha kwamba mtu mmoja mwenye subira anaweza kuwafundisha wengi kutazama juu. Kinachokosekana ni karatasi ndogo ya kila mwezi kwa Kiswahili, hata iwe ya rangi moja. Iwe na ramani iliyochorwa kwa anayekaa kusini kidogo ya ikweta, mwezi wake ulale chali, sayari zake ziwe na majina yao, na nusu ya kurasa zake waachiwe wasomaji wabishane. Waandishi wa pwani walete Jaa, Suheli na buruji kumi na mbili. Wa Mwika walete Ruwa na habari za mvua. Karatasi hiyo ikibishiwa na kusahihishwa na wasomaji wake, tutajua kwamba ni yao.