Mwandishi aliyeulizia bei

Mtu akiuawa kwa sababu ya rangi ya ngozi yake, huwa tunafikiria Marekani au Afrika Kusini. Lakini Usukumani, nchini Tanzania, walikuwa wakiuawa watoto waliozaliwa na ualbino, katika nyumba za wazazi weusi kama sisi.

Atakayechimba habari za mauaji hayo katika magazeti ya wakati huo asitafute neno Simiyu. Bariadi, Maswa na Meatu, ambazo leo ziko mkoa wa Simiyu, zilikuwa mkoa wa Shinyanga mpaka mwaka 2012.

Habari nyingi zilikuwa za msiba: mwili umeokotwa, viungo havipo, polisi wanawasaka wahusika. Mwaka 2008 Vicky Ntetema, aliyekuwa akiongoza ofisi ya BBC nchini Tanzania, aliingilia mlango mwingine. Hakuanzia kwa marehemu, alianzia kwa mganga. Alijifanya mfanyabiashara anayesaka utajiri, akawazungukia waganga wapiga ramli akiomba dawa. Wapo waliokubali kumpatia dawa iliyochanganywa na viungo vya mtu mwenye ualbino vilivyosagwa. Bei ya kuanzia ilikuwa dola 2,000 za Marekani.

Uzito wa kazi yake nauona hapo kwenye bei. Mauaji yakiitwa “imani potofu” tu, hakuna wa kushtakiwa, kwa kuwa imani haifungwi pingu. Bei ikitajwa, anaonekana mpokea oda, nyuma yake muuaji wa kukodiwa, na mbele yake mnunuzi mwenye fedha. Naye Ida B. Wells, mwandishi mweusi wa Memphis, Marekani, alifanya jambo la aina hiyo baada ya rafiki zake kuuawa na genge la Wazungu mwaka 1892. Alizichukua takwimu za mauaji zilizochapishwa na magazeti ya Wazungu wenyewe, akazitumia kuvunja kisingizio kwamba waliouawa walikuwa wabakaji. Wote wawili waliupata ushahidi kinywani mwa upande wa pili.

Ntetema alitishiwa maisha, akalazimika kujificha. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alifuta leseni za waganga wa jadi, na Septemba mwaka huohuo Mahakama Kuu ikiketi Kahama iliwahukumu watu watatu kunyongwa kwa kumuua mtoto mwenye ualbino wilayani Bukombe. Sidai kwamba ripoti moja ndiyo iliyoleta hayo. Ilichofanya ni kuwanyima viongozi nafasi ya kusema hawakujua.

Kuna jambo linaloniuma. Waandishi wengi waliomfuata waliichukua bei peke yake, wakairudia mwaka hadi mwaka bila kumtafuta anayeilipa. Bei ikitangazwa hivyo inageuka tangazo la biashara, na mama wa Itilima, Simiyu, mwenye mtoto mwenye ualbino ndiye anayekosa usingizi.

Mwandishi uliyepo Bariadi leo, ukipata kesi ya namna hii, usiishie kwa mganga. Muulize mpelelezi, muulize mwendesha mashtaka, uliza tena wiki ijayo: mnunuzi ni nani?