Nani Anasemeshwa? Viambishi vya Nafsi katika Matangazo, Kutoka Nairobi hadi Kisimayu

Tunapofundisha lugha ya matangazo ya biashara, aghalabu huorodhesha sifa zake: takriri, chuku, tamathali, sentensi fupi fupi. Orodha hiyo si mbaya, lakini haimwelezi mwanafunzi jinsi maneno mawili yanavyomfanya mtu atoe pesa mfukoni. Katika makala haya nitachunguza kipengele kimoja tu, yaani nafsi: tangazo linasema kwa kinywa cha nani, na linamsemesha nani?

Tuchukue kaulimbiu mbili za kampuni ya simu ya Safaricom ya Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 ilivuma "Niko na Safaricom". Mwalimu wa sarufi ataona mara moja kwamba Kiswahili sanifu kingetumia "nina". Lakini "niko na" ya mitaa ya Nairobi hubeba maana mbili: kumiliki kitu na kuwa pamoja na mtu. Bidhaa inageuka mwenzi. Isitoshe, "ni-" hiyo si ya kampuni bali ni ya mteja. Anayeisoma kaulimbiu kwa sauti amekwisha kuitolea ushahidi kabla hajanunua.

Mwaka 2017 ikaja "Twaweza". Hapa sajili imebadilika: "twaweza" ina ladha ya pwani na ya ushairi kuliko "tunaweza". Nafsi nayo imekuwa ya wingi, ikiwakusanya muuzaji na mnunuzi pamoja, ingawa mmoja analipa na mwingine anapokea. Tena kitenzi hakikukamilishwa. Twaweza nini? Kila msikilizaji hujaza pengo kwa haja yake: karo ya mtoto, mtaji, safari. Kampuni haikutaja ahadi yoyote, kwa hiyo haina la kudaiwa.

Sasa tuvuke mpaka baada ya Kiunga, twende pwani ya Kisimayu na visiwa vya Wabajuni kama Chula, Chovai na Koyama. Huko lugha kuu ya soko ni Kisomali. Kampuni ya simu ya Hormuud, iliyoanzishwa mwaka 2002, imejiita kwa neno la Kisomali lenye maana ya anayetangulia au anayeongoza. Jina lenyewe ni tangazo. Mbajuni, ambaye husema "nchu" pale wengine wasemapo "mtu", anashawishiwa kwa lugha ya jirani yake. Vita vilivyozuka mwaka 1991 viliwakimbiza Wabajuni wengi hadi Mombasa na Malindi, na huko wakakutana na Kiswahili cha matangazo ya Nairobi. Pande zote mbili Mbajuni ni mteja, lakini hasemeshwi kwa Kibajuni.

Wapo watakaosema: basi na Kibajuni kitumiwe katika matangazo, kipate hadhi. Hoja hiyo ina kasoro. Mvuvi hachagui chambo kwa kukipenda yeye. Hukichagua kwa kumjua samaki. Siku tangazo litakaposema "nchu", maana yake ni kwamba Wabajuni wamehesabiwa kuwa soko, si kwamba wameheshimiwa. Na lahaja inayongoja muuzaji itangoja sana, kwa kuwa wasemaji wake ni wachache na wametawanyika. Hadhi yake itatokana na kusemwa nyumbani, kuandikwa na kufanyiwa utafiti, kazi ambayo ni yetu sisi wa idara za Kiswahili.

Kwa walimu napendekeza zoezi dogo. Kila mwanafunzi alete tangazo moja, apigie mstari viambishi vyote vya nafsi, kisha ajibu maswali matatu: Nani anasema? Nani analipa? Kitenzi kimeahidi nini hasa? Mwenye lahaja yake aligeuze tangazo hilo kwa lahaja hiyo, kisha aeleze kama limemvuta zaidi, na kwa nini. Akishaona kwamba bidhaa ni ile ile na bei ni ile ile, na kilichobadilika ni sauti tu, atakuwa ameelewa ushawishi kuliko orodha yoyote ya sifa tunayomkaririsha.