Sifa ya Mchongaji Mgeni

Kaskazini magharibi ya Uingereza, baina ya ziwa la Coniston na ziwa la Windermere, uko msitu uitwao Grizedale, ambao idara ya serikali ya misitu huutunza kwa ajili ya mbao, na ambao tangu mwaka 1977 ulianza kuwakaribisha wachongaji wakae humo kwa miezi, wazoeane na miti na mvua yake, kisha wafanye kazi kwa vitu vinavyopatikana pale pale na kuiacha pale pale. Nataka kuusifu ustadi wa watu hawa, kwa kuwa ni ustadi ambao sehemu yake kubwa haionekani, na aghalabu kisichoonekana hukosa msifu.

Mchongaji tuliyemzoea ni sultani wa chumba chake: hufunga mlango, hulikabili gogo au jiwe, hulitoa umbo alilokwisha kulikusudia moyoni, na baada ya hayo ndipo hutafutwa ukumbi wa kuliweka. Mchongaji mgeni hana usultani huo. Kabla ya kushika tezo au msumeno, hana budi kwanza kutembea na kutazama: maji hutokea wapi baada ya mvua, upepo huvunja matawi ya upande gani, mteremko upi hupata jua la asubuhi, na wachungaji wa zamani walipitisha wapi kuta zao kabla msitu haujazimeza. Mpita njia akimwona katika siku hizo atamdhania mvivu anayekula riziki ya bure, wala hatalaumiwa kwa dhana yake. Lakini katika siku hizo ndipo kazi inapotungwa, na yanayofuata ni jasho tu.

Mwaka 1978 alikaa Grizedale David Nash, mchongaji wa miti. Katika kazi alizoziacha mlikuwa na meza ambayo miguu yake ilikuwa matawi yenye panda na mikunjo yaliyochukuliwa jinsi yalivyoota, hata mtazamaji akaiona kama kwamba inakimbia kati ya miti. Na mlikuwa na mfereji wa magogo yaliyotobolewa, uliopokea maji ya mlimani na kuyateremsha kutoka gogo hadi gogo. Fundi wa Matondoni huko Lamu angemfahamu mtu huyu bila ya mkalimani, kwani naye hazunguki akitafuta mti ulionyooka apate kuupinda awe na taruma la jahazi, bali hutafuta ule ambao Mungu ameukunja tangu zamani kwa kombo lile lile analolihitaji. Kuichagua panda ya tawi kwa ajili ya mguu wa meza ni kazi ya jicho, na jicho la namna hiyo halipatikani kwa haraka.

Baada yake alikuja Andy Goldsworthy, ambaye mwaka 1984 alisimamisha minara saba ya mashina marefu membamba yaliyoegemeana hata yakakutana nchani, tena aliisimamisha katikati ya misonobari iliyo hai, hivi kwamba jicho lililotazama ovyo lilipita bila kuiona. Wapo watakaosema kwamba kazi isiyojionyesha ni kazi iliyoshindwa. Mimi nasema ni adabu, nayo ni adabu adimu katika fani inayopenda fahari.

Lakini kazi yake inayonivuta zaidi ni ile ya mwaka 1990, aliyoipa jina lenye maana ya kuutembeza ukuta. Nchi ile imejaa kuta za mawe za kuzuilia kondoo, na kuta za namna hiyo hazijui chokaa wala udongo. Hujengwa kwa nyuso mbili zinazoinamiana kadiri zinavyopanda, na katikati yake vijiwe hupangwa kwa mkono, kimoja kimoja, wala havimwagwi kwa koleo. Kila jiwe hulala juu ya kiungo cha mawili yaliyo chini yake. Mahali kwa mahali huwekwa jiwe refu lipitalo toka uso hata uso kuzifunga nyuso hizo pamoja. Na juu kabisa husimamishwa mawe mazito ambayo uzito wake huyatuliza yote. Goldsworthy hakuongeza lolote katika elimu hiyo ya wenyeji. Aliikubali kama ilivyo, ila mstari akaupinda, ukuta ukawa unazunguka shina hili na kulikwepa lile. Na kitu ambacho kazi yake siku zote ilikuwa kugawa milki za watu kikajifunza kuipisha miti.

Kazi nyingi za msitu ule zimeoza, na wako wanaosikitika. Sioni sababu ya kusikitika. Nash huyo huyo, katika mwaka huo wa 1978, huko Wales, alichonga tufe kubwa la mwaloni akitaka kijito kimpelekee hadi kwenye karakana yake; tufe likakwama, naye, badala ya kulikokota, akaliacha. Kwa miaka mingi mafuriko yalilisukuma hadi mto Dwyryd na maji ya bahari, likipotea na kuonekana tena, na mwenyewe akilifuata kwa picha na michoro. Sanamu iliyofanywa kwa idhini ya mahali huishi kwa sheria za mahali hapo, na miongoni mwa sheria hizo imo kuoza na kuchukuliwa na maji. Kuipaka dawa na kuihamishia ukumbini, kwa maoni yangu, ni kuiua mapema.

Basi wale wenye nyumba za kuwakaribisha wasanii katika nchi zetu, wanaodai mchoro kamili na orodha ya vifaa kabla mgeni hajafungua mzigo wake, nawasihi walegeze sharti hilo. Mpeni mwezi wa kwanza atembee bila kuulizwa, mpeni chakula chake na mwenyeji mmoja aijuaye miti na maji ya mahali, na hesabu ya misumari mtaidai baadaye.