Yai Lisomwe Kabla ya Moto

Barabara ya kutoka Ifakara kwenda Malinyi, kupitia Lupiro na Mtimbira, haina huruma na mayai. Hata hivyo aliyefunga mzigo wake vizuri kwenye ndoo ya pumba za mpunga hufika nayo mazima. Kila yai analichomeka ncha nyembamba chini, upande butu juu. Huko juu ndiko kuliko na mfuko wa hewa. Yai likikaa hivyo, kiini hutulia katikati ya ute. Moto haujawashwa, na tayari upishi umeanza.

Wako watu wanaoona yai ni chakula cha asiyejua kupika. Mimi nasema yai ndilo linalompima mpishi, na wapishi wa bonde hili la Kilombero nawavulia kofia, kwa sababu hapa kila yai lina umri wake na joto hulizeesha upesi. Ganda lina maelfu ya matundu yasiyoonekana kwa macho. Humo unyevu na hewa hupita, mfuko wa hewa hupanuka, ute hulegea. Penye jokofu mtu anaweza kuzembea. Pasipo na jokofu, lazima ajue analoshika.

Basi analitia kwenye bakuli la maji. Likilala ubavu, ni jipya. Likisimama, lina siku zake lakini linalika. Likielea, halina nafasi jikoni. Lakini maji hayamwambii yote. Kuku wa kienyeji hujitagia vichakani na kuatamia bila kuaga mtu, na yai ambalo kifaranga kimeanza kuumbika ndani yake huweza kuzama vilevile kama jipya. Ndiyo maana mama makini hulimulika kwa tochi gizani kutafuta mishipa ya damu, na hata baada ya hapo hupasua kila yai kwenye kibakuli chake, alitazame, alinuse, ndipo alimimine kwa wenzake. Viza moja humwaga mapishi yote. Pia haoshi mayai anayoyaweka: ganda lina utando wa asili unaozuia vijidudu, na maji huuondoa. Ataliosha lile analolipika sasa hivi.

Umri ukishajulikana, ndio unaoamua mapishi. Yai lililotagwa leo ni la kikaango. Ute wake umekaza na kiini kinasimama. Ukilichemsha utaona taabu yake wakati wa kumenya, ganda linaondoka na vipande vya ute. Ndani yake bado kuna hewa ya kaboni dioksidi. Siku zinavyopita hewa hiyo hutoka, uchachu wa ute hupungua na utando wa ndani ya ganda unaliachia yai. La kuchemsha liwe na siku kadhaa.

Kuchemsha kwenyewe kuna adabu yake. Maji yatangulie kuchemka, kisha mayai yateremshwe polepole kwa upawa. Jiko la mkaa halina kitufe cha kupunguza moto, kwa hiyo mpishi hutoa makaa mawili matatu, mengine huyafunika kwa majivu, mpaka maji yabaki yakitokota taratibu. Dakika 10 hadi 12 zinatosha Malinyi, kwenye mita 300 hivi juu ya bahari. Mgeni anayeshuka kutoka Njombe amezoea kungoja zaidi, na ana sababu: kule kwenye karibu mita 2,000 maji huchemka kabla hayajafika nyuzi 94. Mayai yakiiva, yatiwe mara moja kwenye maji baridi. Yakiachwa kwenye moto, salfa ya ute hukutana na chuma cha kiini, na ile duara ya kijani inajitokeza. Haina madhara, ila inasema mpishi alikuwa kwingine.

Kuhusu rangi ya kiini, siwaungi mkono wanaolidharau yai lenye kiini cheupe. Kuku anayeshinda kwenye pumba na chenga za mchele, na Kilombero hivyo havikosi, hutaga kiini kilichopauka. Anayetaga kiini cha njano hula majani. Ni habari ya chakula cha kuku, wala haimpunguzii mlaji kitu kikubwa.

Kwa mayai ya kukaanga, kitunguu na nyanya viive kwanza mpaka maji yakauke. Nyanya mbichi ndani ya yai hulilowesha na kulivunja. Lakini sifa yangu kubwa naiweka kwenye mayai ya rojo, yanayoliwa kwa wali wa huku huku. Mayai yaliyochemshwa huchanjwa kidogo kwa kisu pande nne, rojo la nyanya, vitunguu na tui zito likishaiva ndipo yatumbukizwe, dakika tano tu, kwa moto mdogo. Yakitangulia, ute unakuwa mgumu kama mpira na rojo halipati pa kuingia.