Mji wa Uru na Watunzaji Wake

Miongoni mwa kazi za sanaa zilizozaliwa ndani ya kompyuta, ni chache zilizokufa na kufufuka mara nyingi kama mchezo uitwao Uru. Ulitolewa Novemba 2003 na Cyan Worlds, kampuni ya jimbo la Washington, Marekani, ambayo miaka 10 kabla yake ilikuwa imepata sifa kubwa kwa mchezo wa Myst, kazi ya ndugu wawili, Rand na Robyn Miller. Neno uru, katika lugha ya D'ni iliyobuniwa kwa ajili ya hadithi hizo, lina maana ya mkusanyiko wa watu. Makala haya yanauhakiki mkusanyiko huo pamoja na mchezo wenyewe, kwa sababu leo hii hatima ya mmoja imefungwa katika hatima ya mwingine.

Tuanze na maudhui. Wad'ni walikuwa watu walioishi katika pango kubwa chini ya ardhi ya New Mexico. Ustadi wao mkuu ulikuwa uandishi. Mwandishi aliyehitimu aliweza kuieleza dunia nzima kitabuni kwa maneno yaliyopimwa, na msomaji akiweka kiganja juu ya picha iliyomo, huhamia katika dunia hiyo. Neno likikosewa, dunia hiyo yaweza kupasuka. Ustaarabu huo uliangamia, na mchezaji huingia akiwa mgeni kwenye magofu. Hupewa kisiwa kidogo chenye kibanda na rafu ya vitabu, na kutoka hapo hufungua njia zake. Limo katika hadithi baraza la wataalamu linalotaka kuukarabati mji. Yumo pia mwanamke, Yeesha, anayeonya kwamba mji ulisimama juu ya kiburi na juu ya migongo ya viumbe waliotumikishwa; kuurejesha ulivyokuwa ni kuirejesha na dhuluma yake.

Kwa upande wa fani, mchezo una kasoro iliyo wazi. Mafumbo yake ni mazuri, lakini yakishafumbuliwa mara moja yamekwisha. Mji unapendeza kwa mawe, maji na mwanga, ila hauna mengi ya kumshughulisha anayerudi mara ya pili. Hata hivyo, utupu huo ndio uliowapa wachezaji kazi. Walijifunza maandishi ya Kid'ni na hesabu yake inayokwenda kwa 25 badala ya 10, wakatunga kamusi, wakaunda vyama vya kupokea wageni, vya kupeleka habari na vya waandishi. Mji ulioachwa bila wenyeji ukapata wenyeji.

Ukumbi wa pamoja, ambako wachezaji wangekutana kupitia intaneti, ulifungwa Februari 2004 kabla haujafunguliwa rasmi kwa umma. Ndani ya hadithi, baraza la ukarabati lilisema fedha zimekwisha. Nje ya hadithi, sababu ilikuwa hiyo hiyo. Mtafiti Celia Pearce, katika kitabu chake cha 2009, Communities of Play, alifuatilia kundi moja la wachezaji waliojiita wakimbizi, ambao walihamia kwenye dunia nyingine za mtandaoni kama There.com na Second Life na kujenga huko mfano wa mji wao. Wengi wao walikuwa watu wa makamo. Mwaka huo huo wa 2004 Cyan iliwaruhusu mashabiki kuendesha seva zao. Februari 2007 mchezo ulirudi kwa fedha za GameTap, ukafungwa tena Aprili 2008. Februari 2010 ulifunguliwa kwa mara nyingine, bila ada, ukitegemea michango ya wapenzi wake. Mwaka 2011 msimbo wake ukatolewa kuwa programu huria.

Ni historia ya uaminifu wa kustaajabisha, lakini uaminifu hauzuii umri. Aliyekuwa na miaka 50 wakati wakimbizi wale walipohama, sasa amepita 70. Kampuni nayo haina kifua kipana: Machi 2025 ilitangaza kuwapunguza wafanyakazi 12, takriban nusu ya watu wake. Mshumaa huu umeshikwa na mikono miwili, na yote miwili imechoka.

Wako wanaojiliwaza kwamba msimbo ukiwa huria, mji hauwezi kupotea. Kauli hiyo ina ukweli nusu. Mswada wa utenzi waweza kukaa sandukuni miaka mia bila kuliwa na mchwa, lakini asipokuwepo anayejua mahadhi yake, kilichohifadhiwa ni wino na karatasi. Msimbo utatunza kuta na ngazi za pangoni. Hautatunza namna ya kumkaribisha mgeni, wala sababu ya watu kusimama kimya mahali fulani, wala mzaha ambao ni wenyeji tu wanaoucheka.

Swali zito zaidi ni la umiliki wa hadithi. Msimbo ulitolewa, majina, wahusika na historia ya D'ni vilibaki mali ya Cyan. Kwa hiyo kila neno jipya la Kid'ni, na kila dunia iliyotungwa na shabiki, huulizwa kwanza kama ina idhini ya mwenye mali. Lugha ambayo wasemaji wake hawana ruhusa ya kuiongezea neno ni lugha ya kaburini, hata wakiwa hai wanaoisoma. Afadhali mlango umeanza kufunguka: katika miaka ya 2020 Cyan imeziingiza kwenye seva zake dunia zilizoandikwa na mashabiki. Hiyo, kwa maoni yangu, ni hatua kubwa kuliko kufunguliwa upya kwa 2010, maana kwa mara ya kwanza wenyeji wameruhusiwa kuufanya ustadi ambao mchezo wote unausifu.

Onyo la Yeesha sasa linawahusu wachezaji wenyewe. Wao ndio wamekuwa baraza la ukarabati, na ukarabati una kishawishi cha kulinda kila jiwe kwa ajili ya kumbukumbu za waliokuwepo mwanzo. Wakiugeuza mji kuwa makumbusho ya ujana wao, utaondoka pamoja nao. Kijana anayefika leo hana kumbukumbu yoyote ya 2004, wala hana deni nayo. Apewe kitabu kitupu na mwalimu wa kumwonyesha namna ya kuandika. Atakachoandika huenda kisifanane na D'ni ya wazee wake, na wazee itawapasa kukisoma.